"Trade" lilikuwa neno la miguu

Mabaharia wa Kiingereza wa miaka ya 1590 walikuwa na msemo wao: upepo "unapuliza trade". Hawakuwa wakizungumzia bei ya pilipili manga wala faida ya shehena. Walimaanisha kwamba upepo umeshika njia moja, haugeuki wala haukatiki, leo kama jana. Upepo wa namna hiyo ukaja kuitwa "trade wind". Ilipofika karne ya 18, merikebu za Waingereza zilikuwa zimejaa Atlantiki zikibeba sukari, tumbaku na watu waliotiwa minyororo, na hata wasomi wao walikuwa wameshasahau msemo ule. Wakaandika kwamba upepo umepewa jina hilo kwa sababu unawafaa wafanyabiashara. Kosa hilo likatufikia likiwa limeshaiva. Wengi wetu tulikaa darasani tukaambiwa kuna pepo za biashara, na zimeitwa hivyo kwa kuwa ndizo zilizoleta majahazi ya Waarabu na Wahindi.

Majahazi yalikuja, hilo halina ubishi. Kaskazi iliyasukuma kutoka Oman, Ghuba na Gujarati, kusi ikayarudisha makwao, na miji yetu ya pwani ikajengwa kwa mpishano huo. Ila jina la Kiingereza halikutoka huko. Edmond Halley, yule ambaye nyotamkia maarufu inaitwa kwa jina lake, alichapisha ramani ya pepo hizo mwaka 1686, Bahari ya Hindi ikiwemo. George Hadley, mwanasheria aliyependa mambo ya anga, akaeleza mwaka 1735 kwamba kuzunguka kwa dunia ndiko kunakozipindisha. Kilichowashughulisha wote wawili ni kwa nini pepo hizi zina njia moja isiyobadilika. Maduka hayakuwamo katika hesabu yao. Wafaransa wanaziita alizés, jina lisilo na harufu ya soko hata kidogo. Sisi nasi tulikuwa na msimu, kutoka Kiarabu mawsim, yaani wakati uliowekwa. Wareno walilichukua neno hilohilo la Kiarabu, na kwa mzunguko wa safari zao likawaingia Waingereza likiwa "monsoon".

Basi "trade" ni nini? Ni ndugu wa "tread", kukanyaga. Waingereza walilipata karne ya 14 kutoka Kijerumani cha pwani ya kaskazini, lugha ya wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa miji ulioongozwa na Lübeck na kuwa na vituo Bergen, Bruges, Novgorod na London. Kituo chao cha London kilikuwa kandoni mwa mto Thames, pale ilipo leo stesheni ya Cannon Street, hadi Malkia Elizabeth I alipokifunga mwaka 1598. Kwa Wajerumani hao neno lilimaanisha mapito: njia iliyopata umbo lake kwa kupitwa na wengi, au mkondo ambao chombo hufuata baharini. Kununua na kuuza hakukuwemo ndani yake.

Shakespeare anatuonyesha maana hiyo ikiwa bado hai. Katika tamthilia ya Richard II, iliyoandikwa yapata mwaka 1595, mfalme anayeona kiti kinamponyoka anasema basi na azikwe kwenye barabara kuu, "some way of common trade", ili miguu ya raia ikanyage kichwa cha mtawala wao kila saa. Anayeusoma mstari huo kwa macho ya leo anaweza kudhani mfalme anaomba kaburi Kariakoo. Yeye anaomba mahali penye msongamano wa nyayo, basi.

Nimelishughulikia neno hili kwa sababu limo katika kila mkataba ambao mawaziri wetu wanatia saini, na kila mara tunalitafsiri kwa neno moja tu, biashara, kana kwamba yamelingana. Hayalingani. "Trade" lilizaliwa njiani, likahamia kwenye kazi za watu, mwisho likahamia kwenye mizigo. Lilipofika kwenye mizigo lilikuwa limeshavaa heshima ya yale mawili ya kwanza, na heshima hiyo imefunika mambo mengi ambayo Mswahili, akiyapima kwa neno lake mwenyewe, angekataa kuyaita biashara.

Hatua ya kwanza ilikuwa fupi. Kutoka njia ya ardhini hadi njia ya maisha si mbali. Hata sisi mtu akiishika kazi fulani tunasema ameshika njia yake. Kufikia miaka ya 1540 "trade" ilikuwa shughuli ambayo mtu anaamka nayo kila siku: useremala, uhunzi, ushonaji. Mwaka 1563 sheria ya Uingereza ikaamuru kwamba hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya ufundi iliyokuwepo nchini wakati huo bila kukaa chini ya bwana fundi miaka 7. Adam Smith aliicheka sheria hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1776. Mahakama, alisema, ziliamua kwamba mtengenezaji wa magari ya farasi haruhusiwi kujitengenezea magurudumu; lazima ayanunue kwa fundi magurudumu, maana kazi ya magurudumu ilikuwepo kabla ya sheria. Lakini fundi magurudumu anaruhusiwa kutengeneza gari zima, kwa sababu kazi ya magari ilikuja baada ya sheria na haikutajwa. Mwaka 1814 sharti hilo la miaka 7 likafutwa.

Maana hii ya ufundi ilitufikia pia, ila tuliipa mlango mwingine. Fundi umeme wa Dodoma au fundi bomba wa Nakuru akikwambia ana "trade test" daraja la tatu, hakwambii amefaulu mtihani wa kuuza. Vivyo hivyo "trade union". Makhan Singh alipoongoza Labour Trade Union of Kenya kuanzia 1935, na Rashidi Kawawa alipokuwa katibu mkuu wa Tanganyika Federation of Labour mwaka 1955, hakuna aliyewadhania ni wenye maduka. Wafasiri wa wakati huo hawakubabaishwa na umbo la neno, wakasema chama cha wafanyakazi, na walikuwa sahihi kabisa. Nawasifu kwa sababu leo tungewapa kazi hiyo watu wa makongamano, wangetuletea "muungano wa kibiashara".

Wakati huohuo Waingereza wenyewe walikuwa na aibu na neno lao. Katika karne ya 19 kusema familia fulani iko "in trade" ilikuwa kuishusha hadhi. Mwenye ardhi ya kurithi alijiona mstaarabu kwa kuwa haonekani akiuza kitu, japo makaa ya mawe ya chini ya ardhi yake na sukari ya mashamba ya Jamaica viliuzwa na wengine kwa niaba yake. Muuza nyama wake alipita mlango wa nyuma.

Pwani yetu ilienda kinyume. Kwa Waarabu tājir ni mfanyabiashara, awe nacho asiwe nacho. Lilipotua kwetu likawa tajiri, mwenye mali, na hadi leo dereva wa daladala anapopeleka hesabu jioni anampelekea tajiri, hata kama tajiri mwenyewe ana Coaster moja iliyochakaa na mkopo juu. Mtu anayefanya biashara tulimpandisha cheo kabla hata hajapata faida. Hatukuwa wajinga, lakini. Tuliweka pembeni neno mlanguzi, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, Watanzania walilisikia redioni hadi likawachosha. Miaka michache baadaye, Ali Hassan Mwinyi alipofungua milango, hakuna aliyejisumbua kutafuta tafsiri ya "free trade". Watu walisema ruksa, wakaenda Dubai kununua redio.

Na biashara yenyewe? Ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoshikamana: bay', kuuza, na shirā', kununua. Ndani ya neno moja kuna watu wawili, kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea. Bay' peke yake ilikuja kuwa bei. Mimi nalipenda neno hili kwa ukali wake. Ukiona mtu mmoja tu ndiye anayetoa, hapo hakuna biashara. Tafuta jina lingine.

Kiingereza hakikuwa na sharti hilo. "Trade" ilipoanza kumaanisha kununua na kuuza, katikati ya karne ya 16, ilibaki na tabia ya njia, na ushahidi uko kwenye majina ya makampuni. Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilipewa hati mnamo Desemba 31, 1600, kwa jina refu la wafanyabiashara wa London "trading into the East Indies". Mwaka 1660 ikaja nyingine, ya wajasiri wa kifalme "trading into Africa". Tazama hicho kihusishi "into". Huwezi kuuziana na mtu kwa "kuingia". Unaingia mahali kwa miguu au kwa merikebu. Walichopewa na mtawala wao ilikuwa haki ya kuishika njia, yao peke yao, na chochote watakachokikuta mwisho wa njia kingekuwa biashara kwa sababu kimepatikana humo. Kampuni ile ya 1660 ilianza ikifukuzia dhahabu. Mwaka 1672 ikaundwa upya kwa jina la Royal African Company, ikawa moja ya kampuni zilizovusha watumwa wengi zaidi katika Atlantiki.

Ndiyo maana kulikuwa na "slave trade" na neno halikuona haya. Hata kukomesha kulifuata mantiki ya njia. Sheria ya 1807 ilipiga marufuku usafirishaji na uuzaji. Aliyekuwa mtumwa Barbados siku ya sheria alibaki mtumwa kesho yake. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza ulingoja sheria ya 1833, na fidia ya pauni milioni 20 ikalipwa kwa wenye watumwa. Watumwa hawakulipwa kitu. Zanzibar mambo yalifuata mpangilio uleule: mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash alibanwa na John Kirk, konseli wa Uingereza, akautia saini, ulifunga soko na kukataza watumwa kupitishwa baharini. Hali ya utumwa kisheria iliendelea kisiwani hadi 1897.

Katikati ya hayo kuna hotuba ambayo naiona kama kitovu cha habari hii nzima. Desemba 4, 1857, David Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge akawaambia anarudi Afrika kujaribu kufungua njia kwa ajili ya biashara na Ukristo. Neno alilotumia ni "path". Alitumia "commerce" pale ambapo angeweza kusema "trade", na nadhani ni kwa sababu "trade" katika masikio ya wasikilizaji wake ilikuwa imenuka utumwa. Wazo lilikuwa kwamba pembe, pamba na mafuta zikipata njia, binadamu hatauzwa tena. Waliiita "biashara halali".

Hotuba hiyo ilizaa misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Jaribio lake la kwanza kwenye bonde la mto Shire lilikufa pamoja na askofu wake, Mackenzie, mwaka 1862, na mwaka 1864 misheni ikahamia Zanzibar. Ndani ya kundi hilo alikuwamo Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na ambaye Krismasi ya 1873 lilipowekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kazi. Kwa hiyo sehemu ya Kiswahili tunachosoma leo kwenye makamusi ilipita kwenye mapito ya mtu aliyetaka kufungua njia ya biashara. Simlaumu Steere. Kazi yake imetufaa.

Tatizo ni kwamba njia ilikuwepo tayari. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji watu walipita kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, hadi ardhi ikaandika njia yenyewe. Wanyamwezi wengi walioibeba mizigo walikuwa watu huru waliopatana ujira, na walijua kugoma posho ikicheleweshwa. Kama kuna watu waliostahili neno "trade" kwa maana zake zote za kale, mapito, kazi ya kila siku na mabadilishano, ni wao. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha mateka. Pembe zilikwenda kuwa vinanda na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Karafuu za Unguja na Pemba, bidhaa halali kuliko zote kwa macho ya London, zilichumwa na mikono ya watumwa. Uhalali ulikaa kwenye mzigo. Aliyeubeba au kuuchuma hakuulizwa.

Kisha ikaja Berlin. Hati ya Februari 26, 1885 inajulikana kwetu kama ile iliyoigawa Afrika, lakini fungua kifungu chake cha kwanza: katika nakala ya Kiingereza kinatangaza kwamba "trade" ya mataifa yote itakuwa na uhuru kamili katika bonde la Kongo. Eneo hilo halikuishia kwenye maji ya Kongo. Walilivuta mashariki hadi Bahari ya Hindi, kutoka nyuzi 5 kaskazini ya ikweta hadi mdomo wa Zambezi. Mombasa, Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa, zote zikaangukia ndani ya mstari wa biashara huria uliochorwa chumbani, japo kwa ardhi iliyokuwa ya Sultani walilazimika kuandika kwamba itangojea ridhaa yake.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipewa Kongo kwa ahadi hiyo. Mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip gavana wa maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, na Kiswahili cha misafara kikazidi kutia mizizi huko ndani. Amri yake ya 1885 ilikuwa imeshaitangaza ardhi isiyolimwa kuwa mali ya dola, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 amri nyingine zikafanya mpira na pembe vilivyomo viwe vyake. Uhuru kamili wa biashara ukabaki na mfanyabiashara mmoja.

Aliyeligundua hilo kwa njia rahisi kuliko zote alikuwa karani. E. D. Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyokuwa na kandarasi ya mizigo ya Kongo, na kampuni ilimtuma Antwerp, Ubelgiji, kusimamia hesabu. Kijana huyu, aliyejua Kifaransa na aliyekuwa akiandika makala kuunga mkono wafanyabiashara, alitazama daftari za meli. Meli zilizokuja kutoka Boma, bandari ya Kongo, zilijaa mpira na pembe za thamani kubwa. Meli zilizokwenda zilibeba bunduki, risasi, maofisa na vitu vya matumizi ya serikali. Bidhaa za kuwalipa watu waliokusanya mpira ule hazikuonekana. Vitambaa, shanga, chumvi, majembe, chochote ambacho mkusanyaji angepewa kama bei, hakikuwemo kwa kiasi chenye maana.

Morel hakuwa amekanyaga Kongo. Hakuwa ameona mkono uliokatwa wala kijiji kilichochomwa. Alijua tu kusoma safu mbili za hesabu, na kutokana nazo akafikia hitimisho kwamba huko hakuna biashara, kuna watu wanaolazimishwa. Kama mali inatoka na hakuna kinachorudi isipokuwa risasi, basi risasi ndiyo inayoitoa mali. Aliacha kazi mwaka 1901, akaanzisha gazeti, na mwaka 1904, mwaka ambao ripoti ya konseli Roger Casement ilithibitisha mateso yenyewe, akaunda chama cha kudai mageuzi Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake.

Kinachonivutia kwa Morel ni kwamba hakuanza na huruma. Alianza na swali la karani wa duka: malipo yako wapi? Wamisionari walikuwa wameshaandika juu ya ukatili miaka kadhaa, na walijibiwa kwamba ni makosa ya askari mmojammoja, wakati biashara inastawi. Takwimu za mpira zilikuwa utetezi wa Leopold. Morel akazichukua takwimu zilezile akazisoma kwa pande zote mbili, na utetezi ukageuka kuwa ushahidi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, safi kabisa, ila lilikuwa halijapata msomaji.

Swali lake halijapitwa na wakati, ingawa siku hizi jibu lake ni gumu zaidi kwa sababu kitu hurudi. Chukua mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua nguo zilizovaliwa zinazoingia kutoka nje, ili viwanda vya nguo vya hapa vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kikapeleka malalamiko serikalini kwao, kikitumia AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Sheria hiyo ilikuwa na sharti kwamba nchi inayofaidika iwe inaondoa vizuizi dhidi ya "trade" ya Marekani. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Nimesikia pande zote mbili za ubishi huu na sioni kwamba wauza mitumba wa Gikomba au Karume ni maadui wa nchi zao. Wanalisha familia, na shati lao ni zima kuliko mengi mapya yanayoshuka bandarini. Lakini ubishi uliendeshwa kwa neno bovu. Marekani ilisema Rwanda inazuia "trade", kwa maana ile ya wale wa "into": kuna njia, mtu ameweka gogo. Rwanda ilikuwa ikizungumza kwa maana ya ufundi, kwamba mshonaji naye ana "trade" yake. Wote wawili walikuwa sahihi katika Kiingereza, na kwa Kiswahili cha mikutano yote mawili yakaandikwa biashara, kwa hiyo msomaji wa gazeti hapa kwetu hakuona kwamba kulikuwa na mgongano wa maana. Aliona tu kwamba mkubwa amekasirika.

Ningependa wafasiri wetu wa mikataba wafanye kama wale wa vyama vya wafanyakazi walivyofanya: waache umbo la neno, watafsiri jambo. Panapozungumziwa kuuziana, waseme biashara. Panapozungumziwa haki ya kupitisha mzigo, waseme kupitisha mzigo. Panapozungumziwa kazi za mikono ya watu, waseme fani au ufundi. Mswada utakuwa mrefu kidogo. Mbunge atakayeusoma atajua anapiga kura kuhusu nini.

Mfano mzuri uko Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Malori kutoka Dar es Salaam yanapanda na mafuta, salfa ya viwanda vya shaba, mashine, na magari yale ya IT, yaani "in transit", yanayopita tu nchini yakiendeshwa hadi Zambia na Kongo. Yanashuka na shaba na kobalti ya Kolwezi na Lubumbashi. Foleni ya mpakani ni maarufu kiasi kwamba imezaa mji wake, na wapishi wake, na lugha yake ambayo Mkongo, Mzambia na Mtanzania wote wanaielewa. Safari hii malipo yapo, tofauti na Antwerp ya Morel, lakini sehemu kubwa ya kuuziana huko hufanyika Geneva na Zug, Uswisi, katika ofisi za watu wanaoitwa "traders", nchi isiyo na bahari. Safu za daftari zipo pande zote, ila haziko kwenye meza moja tena.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulisainiwa Kigali mnamo Machi 21, 2018 na ukaanza kutumika kwa mauzo Januari 1, 2021, katika bara ambalo takriban asilimia 15 tu ya biashara yake ni baina ya nchi zake lenyewe. Viongozi walipoutangaza walizungumza juu ya ushuru, na ushuru ndio uliopewa kiambatisho cha kwanza cha itifaki ya bidhaa. Njia yenyewe, ya lori kutoka nchi moja kupita ya pili kwenda ya tatu, iko katika kiambatisho cha 8.